Mkia Usiokuwapo: Mhadhara Kuhusu Neno "Curtail"



Neno nililolichagua kwa mhadhara huu ni moja tu, nalo ni la Kiingereza: curtail. Wafasiri waliomo humu ukumbini wanalijua vizuri. Hulikuta katika hukumu za mahakama, taarifa za haki za binadamu, mikataba ya mikopo na barua za waajiri. Kamusi zetu hulieleza kwa vitenzi vitatu au vinne: kupunguza, kufupisha, kukata, kuzuia. Hakuna kosa hapo. Lakini mfasiri akiandika kwamba serikali fulani "imefupisha uhuru wa vyombo vya habari", msomaji wa Kiswahili hashtuki. Huenda hata akadhani kuna andiko refu juu ya uhuru lililofanyiwa muhtasari. Mwandishi wa Kiingereza alikuwa anashitaki, na tafsiri imelifuta shitaka lake.

Kwa sababu hiyo nimelifuatilia neno hili mpaka lilikotoka. Njiani nimekuta mambo mawili ninayotaka kuyaweka mbele yenu. La kwanza linahusu jinsi watu wanavyolisoma neno na kuliona lenye kitu ambacho halikuzaliwa nacho. La pili linahusu mwenye kukatwa: nani anapungukiwa pale kitu kinapofupishwa, na lugha inamtaja au inamficha.

Tuanze na umbo. Yeyote aliyesoma Kiingereza cha shule ya msingi anajua kwamba tail ni mkia. Aliyeendelea kidogo anajua kwamba cur ni mbwa koko. Akiliona curtail limeandikwa, macho yake huligawa papo hapo: mbwa, mkia, mbwa aliyekatwa mkia, na kwa hiyo kufupisha. Maelezo hayo yanapendeza, huingia akilini bila kubisha hodi, na yanalingana na maana ya neno. Hata hivyo si ya kweli. Cur ni neno jingine kabisa, lisilo na undugu na hili, na ile tail iliongezwa na watu baadaye. Mnyama wa kweli katika historia hii ni farasi.

Waingereza wa karne ya 15 na ya 16 walikuwa na neno curtal, na kwao lilikuwa ni farasi aliyekatwa mkia. Walilipata kwa Wafaransa, ambao wakati huo walisema courtault. Neno hilo la Kifaransa lina sehemu mbili: court, yaani fupi, na kiambishi tamati -ault, chenye asili ya lugha za Kijerumani, ambacho mara nyingi kilitia dharau kidogo katika jina. Courtault, kwa hiyo, alikuwa kiumbe kilichofanywa kifupi. Mpaka leo Mfaransa akimwita mtu courtaud anasema ni mfupi mnene, wala hamsifu. Mkia ulikuwamo katika maana ya neno, maana ndio uliokatwa, lakini haukuwamo katika sauti zake. Ile t ya curtal ni ya court, na hiyo -al ni mabaki ya -ault.

Farasi huyo anastahili tusimame naye kidogo. Kumkata mkia hakukuwa kumnyoa nywele. Mkia wa farasi una mifupa ndani, na mifupa hiyo ndiyo iliyokatwa, kikabaki kishungi kifupi. Sababu zilitolewa nyingi: mkia usinaswe na hatamu za farasi wa kuvuta gari, usijae matope, kiuno cha mnyama kionekane kipana chenye nguvu. Kwa muda mrefu ilikuwa ni fasheni ya wenye mali na si zaidi. Aliyelipia fasheni hiyo ni farasi. Mkia ndio anaofukuzia nzi, na ukishaondolewa hubaki akiumwa kiangazi kizima bila cha kujikinga. Uingereza ilikuja kuiharamisha desturi hiyo kwa sheria ya mwaka 1949. Ninalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna kiini cha maana ya neno letu: mwenye nguvu kumwondolea kiumbe sehemu ambayo kiumbe hicho kiliihitaji, kwa manufaa au anasa ya mwenye nguvu. Maana hiyo haijatoka katika neno mpaka leo.

Jina curtal lilitembea mbali na mazizi. Mizinga yenye mtutu mfupi iliitwa hivyo. Wapiga muziki nao walikuwa na ala ya kupuliza yenye jina hilo, mtangulizi wa bassoon ya leo, ambayo bomba lake lilichongwa ndani ya gogo moja likashuka na kupanda tena, hivyo ala fupi ikaweza kutoa sauti nzito ya chini. Na katika karne ya 19 mshairi Gerard Manley Hopkins, ambaye alikuwa padri Mjesuiti, alitunga soneti za mistari 10 na nusu badala ya 14 ya kawaida, akaziita kwa jina hilohilo la zamani. Wakati huo kitenzi kilikuwa kimekwisha kuota mkia katika maandishi ya kila mtu, lakini Hopkins alirudia umbo la kale.

Nyuma ya court ya Kifaransa kuna curtus ya Kilatini, kilichokatwa, kifupi. Kihispania kikapata corto, Kireno curto, na Kijerumani kikaliazima likawa kurz. Wanaisimu wa lugha za Kihindi-Ulaya huliunganisha curtus na mzizi mkongwe wenye maana ya kukata, ambao kwa upande mwingine wa ukoo ulizaa short ya Kiingereza. Nguo fupi ikaitwa shirt. Waskandinavia walikuwa na neno hilohilo kwa matamshi yao, nalo likaingia Kiingereza kama skirt. Sisi tukayachukua yote mawili tukayafanya yetu: shati na sketi. Binti wa shule anayevaa sare yake asubuhi huvaa ndugu wawili wa neno tunalolizungumza, na wote wawili maana yao ya awali ni kitu kilichokatwa kikawa kifupi.

Sasa mkia uliingiaje?

Kutoka jina curtal kilizaliwa kitenzi, kumfanya mnyama awe curtal, na upesi kitenzi hicho kikatumika kwa mambo yasiyo na manyoya: haki, mamlaka, mapato, ardhi. Mkazo wake ulikuwa katika silabi ya kwanza kama ulivyokuwa katika jina. Ushahidi mzuri wa jambo hilo uko kwa Shakespeare. Katika mchezo wake wa Richard III, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1597, mhusika mkuu, Gloucester, anasimama peke yake jukwaani mwanzoni kabisa na kulalamika kwamba maumbile yamempunja, yamemnyima uzuri wa mwili ambao wengine wanao. Kitenzi anachokitumia ni hiki chetu. Mstari wa Shakespeare una vipimo vyake, silabi isiyo na mkazo ikifuatwa na yenye mkazo, na kipimo cha mstari huo hakikubali neno mpaka mkazo uwe mwanzoni. Wanaojua mizani ya tungo zetu wataelewa kwa nini ushahidi wa namna hii una nguvu. Mwandishi wa nathari anaweza kuliandika neno apendavyo na asituachie hata dalili ya jinsi lilivyosikika, lakini mshairi mwenye kufuata vipimo ametuhifadhia matamshi ya watu waliokufa zaidi ya miaka 400 iliyopita. Shakespeare huyohuyo, katika mchezo mwingine, All's Well That Ends Well, ana farasi ambaye jina lake ni Curtal. Farasi na kitenzi vilikuwa bado vinaishi nyumba moja.

Baadaye vilitengana. Farasi waliokatwa mikia wakaitwa kwa maneno mengine, curtal ikasahaulika, na kitenzi kikabaki yatima. Neno lisilo na jamaa anayeonekana huwasumbua wasemaji. Hutafuta ndani yake kitu wanachokijua. Hapa walikikuta mara mbili. Kulikuwa na tail ya Kiingereza asilia, mkia. Kulikuwa pia na kitenzi cha Kifaransa tailler, kukata, kilichowapa Waingereza tailor, fundi wa kushona, pamoja na retail, uuzaji wa kukatakata, ambao sisi tunauita rejareja. Maneno hayo mawili hayana undugu. Moja ni la ukoo wa lugha za Kijerumani, jingine limetoka Kilatini. Lakini sauti zake zilikuwa zimekwisha kufanana, na yote mawili yalielekeza upande mmoja. Tahajia ikaanza kuandikwa -tail. Mkazo nao ukahama hadi silabi ya mwisho, pale ambapo watu waliamini ndipo penye uzito wa neno.

Samuel Johnson aliliona hilo mapema. Katika kamusi yake ya mwaka 1755 alieleza kwamba neno hili zamani liliandikwa bila mkia, kwamba huenda umbo hilo la zamani ndilo lililo sawa zaidi, na kwamba watu wa kawaida, kwa kuwasikia mbwa waliokatwa mikia wakiitwa kwa jina hilo, walidhani maana yake ya asili ni kukata mkia, wakaliandika kufuatana na dhana yao. Nampenda Johnson kwa maelezo hayo. Hakuwatukana watu wala hakujaribu kulirudisha umbo la kale kwa amri. Aliandika chanzo, akaandika kosa, kisha akaliingiza neno katika kamusi kama lilivyokuwa likiandikwa katika siku zake.

Mwaka 1852 mwanazuoni wa Kijerumani Ernst Förstemann alilipa jambo la namna hii jina ambalo wanaisimu wanalitumia hadi sasa, nasi tunaweza kuliita etimolojia ya watu. Mboga iitwayo asparagus iliwahi kuitwa na Waingereza "nyasi za shomoro", kwa sababu sauti za neno hilo la kigeni zilikaribia sparrow na grass. Hakuna shomoro aliyehusika.

Msidhani huu ni udhaifu wa Waingereza. Kiswahili kimefanya hivyo mchana kweupe, tena katika maneno tunayoyatumia kila siku. Neno kitabu limetoka Kiarabu, kitāb, na ile k ni konsonanti ya kwanza ya mzizi wenye herufi tatu, k-t-b, unaohusu kuandika. Mzizi huo tunao katika katibu, maktaba, mkataba na katiba. Sikio la Mswahili halikusikia mzizi. Lilisikia kiambishi ki-, kama cha kiti na kisu. Basi kama viti ni vingi vya kiti, vingi vya kitabu ni vitabu, na konsonanti iliyobeba mzizi ikatupwa. Kiberiti, kibrīt ya Kiarabu, kikaenda viberiti. Wakati ukaonekana una u- ya ngeli ndani yake, ukazaa nyakati, na waraka ukazaa nyaraka. Baadaye barabara zilipopata mizunguko yenye vibao vya Kiingereza vya kumwamuru dereva apite kushoto, tukapata kipilefti, na vikiwa viwili ni vipilefti. Kinga ya matope ya gari ikawa madigadi, na kwa kuwa ma- ni ya wingi, moja yake ikaitwa digadi.

Hakuna mwalimu aliyefundisha hayo. Ni sarufi yetu iliyofanya kazi yake. Kiingereza kiliipa curtail mkia usiokuwapo, na Kiswahili kikakata kichwa cha kitabu. Leo mtu akisema "makitabu" kwa kudai kwamba anauheshimu mzizi wa Kiarabu tutamwambia kwa upole kwamba hajui Kiswahili. Kosa la watu wengi likidumu vya kutosha huwa ndiyo lugha, na mtaalamu anayelipinga amechelewa.

Ila kuna tofauti kati ya kulikubali umbo la neno na kuikubali hadithi ya umbo hilo, na hapa naomba niwe mkali kidogo. Tunapenda mno kuyagawa maneno yetu na kutunga visa juu ya vipande. Chukueni Bagamoyo. Wote tumefundishwa kwamba ni "bwaga moyo". Kisha tukafundishwa maelezo mawili yanayopingana: kwamba wapagazi wa misafara walibwaga hapo uchovu wa safari ndefu kutoka bara, wakafurahi kuiona bahari, na kwamba mateka wa utumwa waliiacha hapo mioyo yao kabla ya kupakiwa majahazini. Furaha na msiba kutoka mgawanyo uleule wa sauti. Sauti za neno peke yake haziwezi kuamua kati ya visa hivyo viwili, kama vile curtail peke yake isivyoweza kumwambia mtu kwamba haikuwa na mkia. Kinachoamua ni maandishi yenye tarehe na ulinganisho wa lugha. Hayo nitayarudia.

Kabla ya hapo tulimalize suala la maana, kwa sababu ndilo linalomgusa mfasiri moja kwa moja.

Kufupisha katika Kiswahili kuna sura kadhaa, na ni vizuri tukizitenga. Kuna ufupisho wa darasani, ule ambao mtahiniwa hupewa kifungu na kuambiwa akieleze kwa maneno machache bila kupoteza hoja. Hapo kipimo cha ubora ni kwamba hakuna kilichopotea. Kuna inkisari ya washairi, kukata silabi ya neno ili mizani itimie. Neno limepungua, utungo umekamilika, na msikilizaji anaijua silabi iliyofichwa. Kuna pia maneno yanayofupishwa na mdomo wa haraka mpaka asili yake ikasahaulika. Basi tunalolipanda kila siku ni mfano wa ajabu: katika miaka ya 1820 Wafaransa waliliita gari la abiria omnibus, neno la Kilatini lenye maana ya "kwa wote", Waingereza wakakata kichwa chake ikabaki bus, na hiyo ndiyo basi yetu. Tulichokichukua ni kiambishi tamati cha Kilatini kisicho na shina. Abiria hakupoteza kitu.

Curtail haimo katika sura yoyote kati ya hizo. Ufupisho wake huacha upungufu. Kikao kilichopangwa kwa siku tatu kikaishia siku ya kwanza, mamlaka ya bunge yaliyopunguzwa kwa amri, likizo iliyokatwa katikati, uhuru wa kukusanyika uliobanwa: katika yote kilichobaki si kamili, na kuna mtu aliyestahili kupata zaidi. Kiingereza kina neno jingine, abridge, ambalo limetoka katika brevis ya Kilatini kwa kupitia Kifaransa, na ni pacha wa abbreviate lililoingia moja kwa moja kutoka Kilatini. Abridge hutumika sana kwa vitabu vilivyofupishwa. Lakini ndilo lililomo katika Rekebisho la Kwanza la Katiba ya Marekani, lililothibitishwa mwaka 1791, pale Bunge lilipokatazwa kutunga sheria ya kupunguza uhuru wa kusema na wa vyombo vya habari. Kwa hiyo hata katika Kiingereza neno la kufupisha kitabu limewahi kupewa kazi ya kulinda uhuru, na muktadha ndio uliolitia meno.

Sasa tazameni jambo hili, ambalo kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote niliyoyakuta. Katika matumizi ya zamani aliyetajwa na neno hili alikuwa mwenye kupungukiwa. Curtal alikuwa farasi mzima, aliyeitwa kwa kile alichonyang'anywa. Gloucester wa Shakespeare hasemi kwamba uzuri wake umepunguzwa. Anasema yeye mwenyewe amepunguzwa kwa kunyimwa uzuri huo. Kiingereza cha leo kimegeuza. Kinachopunguzwa ni haki, ni matumizi, ni huduma, na mwenye haki hatajwi tena. Sentensi inaweza kueleza kwamba haki zilipunguzwa na asionekane hata mtu mmoja ndani yake, si aliyepunguza wala aliyepunguziwa.

Kiswahili kina dawa ya hilo ndani ya kitenzi. Tunayo kauli ya kutendewa. Umeme ukikatwa mtaani, hatuna haja ya kuutaja umeme kwanza; tunasema "tumekatiwa umeme", na papo hapo mwenye hasara amekaa mbele ya sentensi. Wananchi wamepunguziwa uhuru. Mahakama imepunguziwa mamlaka yake. Wafanyakazi wamekatiwa posho. Wanakijiji wamefupishiwa muda wa kukata rufaa. Katika sentensi za namna hii curtail inapata tafsiri ambayo hata wenyewe Waingereza wangeihusudu, kwa sababu inamrudisha yule aliyepotea katika Kiingereza chao cha sasa.

Siwaambii mtumie kauli hiyo kila mahali. Rais akiahirisha nusu ya safari na kurudi nyumbani kwa msiba, amekatiza ziara, na waandishi wetu wa habari wamelijua hilo kitambo. Kampuni ikipunguza gharama, imebana matumizi, na hilo linaweza kuwa jambo la busara. Serikali ikiwazuia waandishi, imeminya au imebana uhuru wao. Na sheria ikisema haki fulani ina kikomo kinachokubalika, hapo neno sahihi ni mipaka, kama Ibara ya 30 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inavyosema. Kuwekea haki mipaka na kumpunguzia mtu haki ni mambo mawili tofauti mbele ya jaji. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mfasiri anayeandika "kufupisha" kila anapoiona curtail anaweza kumnyima mtu hoja yake mahakamani bila kujua. Kwa hiyo nasisitiza: kwa haki za watu, kufupisha peke yake ni tafsiri mbaya, na isitumike.

Narudi sasa kwenye ushahidi, kama nilivyoahidi.

Historia ya curtail inajulikana kwa sababu Waingereza waliamua kuitafuta historia ya kila neno lao. Mwaka 1857 Chama cha Filolojia cha London kiliwaomba wasomaji wa kawaida wasome vitabu vya zamani na kunakili sentensi kwa ajili ya kamusi. James Murray alichukua uhariri mwaka 1879, akarudia ombi hilo kwa umma, na karatasi zikamiminika kutoka kwa watu wa kila aina, kila karatasi ikiwa na neno, sentensi nzima, jina la kitabu na mwaka. Sehemu ya kwanza ya kamusi ya Oxford ilitoka mwaka 1884, ya mwisho mwaka 1928, Murray akiwa amekwisha kufariki. Ile kazi ya wasomaji ndiyo inayotuwezesha leo kuona neno likiandikwa bila mkia, kisha na mkia, kwa kufuata miaka.

Sisi tuna nini? Tuna zaidi ya tunavyojidhania. Barua za Kiswahili kutoka Kilwa, kwa hati ya Kiarabu, za mwaka 1711 na kuendelea, zimehifadhiwa Goa nchini India. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728. Kuna tungo za Muyaka wa Mombasa. Kamusi ya Krapf ilichapishwa mwaka 1882, na maneno yake mengi yamenakiliwa kutoka vinywani mwa watu wa Mombasa na Rabai wa zama zake. Kamusi za Frederick Johnson na Charles Sacleux zilitoka mwaka 1939, na Sacleux alijitahidi kutaja lahaja na asili ya maneno. Gazeti la Mambo Leo lilianza Tanganyika mwaka 1923, na kurasa zake zimejaa Kiswahili cha watu walioandika barua kwa mhariri kutoka kila wilaya. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981.

Na pale ambapo hakuna maandishi, kuna lugha ndugu. Tazameni neno letu la asili kwa jambo hili, -fupi. Mnyarwanda na Mrundi husema -gufi. Mkikuyu husema -kuhi, na Mzulu, mbali kusini, -fuphi. Sauti zimebadilika kwa kanuni, si ovyo, na kwa kuzilinganisha wanaisimu wa Kibantu, kuanzia Carl Meinhof mwaka 1899, waliweza kurudi hadi umbo la kale ambalo halikuwahi kuandikwa na mtu. Neno -fupi lina historia ndefu inayothibitika, bila kisa chochote cha kubuni. Hatukuhitaji kuligawa na kuuliza "fu" ni nini na "pi" ni nini.

Tulichokosa ni kamusi moja ya kihistoria ya Kiswahili, yenye kila neno, sentensi yake ya mapema kabisa inayojulikana, mahali na mwaka. Kazi hiyo haimalizwi na taasisi peke yake, kama vile Murray asivyoimaliza peke yake. Nawaomba mliomo humu, hasa nyinyi wanafunzi mnaokwenda likizo kwa bibi na babu: mkisikia neno msilolijua, au neno mnalolijua likitumika kwa maana mpya kwenu, liandikeni pamoja na sentensi nzima iliyosemwa, mji au kijiji, umri wa msemaji na tarehe. Mkikuta barua ya zamani, daftari la duka, hati ya shamba au utenzi ulionakiliwa kwa mkono, msiitupe. Pigeni picha kila ukurasa na mwandike mwaka kama upo. Pelekeni kwa mwalimu wenu wa Kiswahili, au baraza la Kiswahili, yaani BAKITA, au BAKIZA kwa walio Zanzibar. Na anayekuja na kisa kizuri kuhusu asili ya neno, mpokeeni kwa heshima, kisha mwulizeni kimeandikwa wapi na mwaka gani.